Kifundo kimeteguka mara ya pili na Jumamosi kuna mechi: acheze, asicheze?

Swali: Assalam aleikum daktari. Mwanangu yuko kidato cha tatu, ana miaka 16, anacheza winga katika timu ya shule. Wiki tatu zilizopita aliteguka kifundo cha mguu wa kushoto mazoezini, na hii ni mara ya pili mwaka huu. Usiku ule ule babu yake alimchua kwa mafuta ya nyonyo, na baada ya siku chache uvimbe ukapungua. Sasa anasema hauumi tena, na kocha anamtaka Jumamosi kwenye mechi ya kaunti. Mimi naona jioni mguu bado wavimba kidogo, na akishuka ngazi (tunakaa ghorofa ya tatu) hushuka ubavu ubavu kama kaa. Akifunga bendeji si itatosha? Na shule haina daktari wa michezo wala nesi. Sisi wazazi tudai nini? Mzazi, Majengo, Mombasa.

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Pole kwa kuuguza. Nakupa kwanza lile unalolingoja: Jumamosi hii asicheze. Na kilichonifanya niseme hivyo si wiki tatu, wala si uvimbe wa jioni, ingawa nao una lake la kusema. Ni huyo kaa wako wa ngazini.

Hebu leo simama chini ya ngazi umtazame bila yeye kujua. Mwenye miguu mizima akishuka, mguu unaobaki kwenye kidato cha juu hukunja kifundo: goti hupita mbele ya vidole, na kisigino kikiwa bado kimekanyaga. Kifundo kilichokaza hakifiki hapo. Basi mwili hutafuta ujanja. Hugeuka ubavu, au hushuka kidato kimoja kimoja kama mzee, au mkono hushika ukuta. Kijana mwenyewe hana habari. Ukimwuliza atakwambia hauumi, na wala hakudanganyi. Hauumi kwa sababu amekwisha kujua kupakwepa panapouma. Sasa mchukue na ukwepaji wake huo umpeleke karibu na kibendera cha kona, ana mpira, beki anamjia mbio, anataka kukita mguu wa kushoto akate ndani. Pale hakuna ubavu wa kugeukia wala ukuta wa kushika.

Kifundo kimefungwa upande wa nje kwa kano tatu zinazoshika mfupa kwa mfupa. Mguu ukipinduka kwa ndani, na mara nyingi ndivyo unavyoteguka, ya kwanza kuachia ni ile fupi ya mbele, chini kidogo ya kile kifupa kinachotokeza. Watu hudhani kano ni kamba tu, ikikatika inaunga, basi. Lakini ndani yake mna neva zinazoupasha ubongo habari: mguu umelala, umeinama, umekanyaga jiwe. Kano ikichanika, kamba huunga ila habari huchelewa. Huchelewa kwa kitambo kidogo mno, lakini mguu nao hupinduka kwa kitambo hicho hicho. Ndiyo sababu katika mambo yote yanayobashiri kuteguka, kubwa kuliko yote ni kuwa uliwahi kuteguka kabla. Zipo tafiti zilizokuta hadi watu 4 katika kila 10 walioteguka vibaya wakibaki na kifundo legevu kwa miaka. Mwanao alipoteguka mara ya kwanza, maumivu yaliisha akarudi uwanjani. Hii ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo ile ile ya kwanza ambayo haikumalizwa.

Nije kwa babu. Sitaki umgombeze, mimi mwenyewe nimekua nikichuliwa na bibi, na mafuta ya nyonyo hayajavunja mguu wa mtu. Shida ni wakati na nguvu. Siku mbili tatu za mwanzo mishipa midogo iliyopasuka bado inavuja damu kwa ndani, na kusugua kwa nguvu kunaongeza uvujaji huo. Uvimbe ulipungua huenda kwa sababu alilala mguu umeinuliwa juu ya mto, na kwa sababu uvimbe nao hupungua wenyewe. Baada ya wiki ya kwanza, kuchua taratibu kuelekea juu ya muundi hakuna ubaya hata kidogo, na kama kunampa babu nafasi ya kukaa na mjukuu wake, ni heri.

Ninachokiogopa ni ile kazi ya “kuurudisha mguu”. Kifundo kilichoteguka hakijatoka mahali pake, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Mwaka mmoja nililetewa kijana wa umri huo huo, Jumatatu asubuhi, ametoka mashindanoni. Mchuaji wa pale uwanjani alimshika kisigino akauvuta mguu mara mbili, ukalia, watu wakapiga makofi kwamba umerudi. Alipofika kwangu hakuweza kukanyaga. Picha ya eksirei ilionyesha ufa kwenye mwisho wa ule mfupa mwembamba wa nje, pale panapokulia mfupa. Hili wazazi wengi hawalijui: mtoto ambaye bado anarefuka ana tabaka la gegedu laini karibu na ncha za mifupa yake, na kwa umri huo tabaka hilo mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zenyewe. Ajali inayomchania mtu mzima kano, kwa kijana inaweza kupasua mfupa. Kwa nje yote mawili ni uvimbe ule ule, rangi ile ile ya zambarau.

Sasa nikuulize: alipigwa picha? Hukutaja. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ambayo hadi leo twaitumia kuamua nani apelekwe eksirei na nani asisumbuliwe. Ni nyepesi, waweza kuifanya nyumbani. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa vile vifupa viwili vya kifundo, cha nje na cha ndani, kuanzia ncha yake kupanda sentimita 6 hivi, kama upana wa vidole vitatu. Halafu bonyeza kile kinundu kilicho katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na mfupa ulio mbele ya kifundo upande wa ndani. Ukigusa mfupa wenyewe naye akaruka, au kama siku ile alishindwa kupiga hatua nne, hata za kuchechemea, picha inatakiwa. Kanuni ilitungwa kwa jeraha bichi, lakini mimi husema hivi: wiki tatu zimepita na mfupa bado unauma ukibonyezwa, usingoje tena, nenda Hospitali Kuu ya Pwani au zahanati yoyote yenye mashine, mpige picha. Mfupa usipouma, na kinachouma ni ile nyama laini ya mbele, hiyo ni kano, na tunaendelea.

Twende kwenye vipimo, kwa sababu swali lako hasa ni utajuaje. Mie siamini kalenda. Kuna vijana waliorudi siku ya kumi wakiwa wazima, na wengine miezi miwili bado. Chukua futi ya fundi nguo na chaki, mvue viatu.

Kwanza ukutani. Asimame akiuelekea ukuta, dole gumba la mguu likigusa, akunje goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Kisha arudishe mguu nyuma kidogo, ajaribu tena, arudishe tena. Pale mwisho ambapo goti bado lagusa na kisigino hakijabanduka, pima kutoka kidole hadi ukuta. Wengi hufika sentimita 10 hivi, lakini namba yenyewe si hoja. Hoja ni tofauti ya miguu miwili. Ikizidi sentimita 2, huyo ndiye kaa wetu. Nakisia wa kwako utakuta kulia 11 na kushoto 6 au 7, nitafurahi nikikosea.

Cha pili ni kusimama kwa mguu mmoja, mikono kifuani, sekunde 30 macho wazi, kisha afumbe macho. Usihesabu sekunde peke yake. Tazama kifundo kinavyotetemeka na mara ngapi mguu wa pili unagusa chini. Kama ni mtu wa swala, una kipimo cha bure mara tano kwa siku: anapotia udhu kwenye sinki, akiinua mguu wa kulia kuosha, je, wa kushoto unambeba au mkono unakimbilia bomba? Na kwenye kikao cha attahiyatu, wayo wa kushoto unalazwa na mtu anaukalia. Mkao huo unavuta kano ile ile iliyochanika. Kama siku hizi anakaa upandeupande, au ameunyosha mguu, hilo nalo ni jibu. Mwache akae anavyoweza, asijilazimishe.

Halafu anyanyuke kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, juu kabisa, ashuke polepole, mpaka achoke. Mchezaji wa umri wake atarajiwe kufika 20 na zaidi, na miguu isipishane sana. Mwisho arukeruke kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo kwenda mbele, pale uani, atue na kutulia. Pima kwa chaki. Mguu wa kulia ukifika mita 5, wa kushoto usipungue mita 4 na nusu, yaani asilimia 90. Hiki cha mwisho asikijaribu kabla vile vitatu havijakaa sawa.

Akivipita vyote bado hajafika mechi. Anakimbia moja kwa moja. Kisha anakimbia na kugeuka, kama anaandika namba 8 uwanjani. Kisha mazoezi kamili na wenzake, mara mbili, pamoja na kukabwa. Na kila hatua inaamuliwa na mguu wa asubuhi ya pili. Ukiamka bila uvimbe na bila kukaza, anapanda ngazi moja. Ukiamka umevimba, anarudi alikotoka. Uvimbe wa jioni unaouona sasa, na hajacheza hata dakika moja, ni dalili kuwa kiungo hakijatulia.

Mazoezi yenyewe hayahitaji jimu. Hospitali unayo mlangoni: ngazi za ghorofa tatu. Asimame kwenye kidato kwa nusu ya mbele ya nyayo, visigino vikining'inia, anyanyuke na kushuka mara 15, apumzike, arudie mara tatu. Akishindwa kwa mguu mmoja aanze kwa yote miwili. Kila ashukapo ngazi ashuke uso mbele, polepole, mkono uwe karibu na ukuta bila kuushika. Hata kama itamchukua dakika tano kufika chini. Mwambie kaka zake wasimcheke. Kwa fundi baiskeli achukue kipande cha tyubu kuukuu, akifunge kwenye mguu wa kitanda, akitie kwenye wayo auvute kwa nje, mara 15, ili misuli ya ubavu wa muundi ishike nafasi ya kano iliyolegea. Na asimame kwa mguu mmoja kila apigapo mswaki, asubuhi na usiku. Ikiwa rahisi, asimame juu ya mto. Ikiwa rahisi tena, nduguye amrushie mpira audake huku kasimama hivyo hivyo.

Hilo la kusimama kwa mguu mmoja huonekana mchezo wa watoto, na ndilo vijana huliacha la kwanza. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Wisconsin, Marekani, wa wanafunzi 765 wa sekondari wanaocheza kandanda na mpira wa vikapu. Nusu walipewa mazoezi haya ya kujisawazisha, nusu wakaendelea na kawaida yao. Walioyafanya waliteguka vifundo kwa kiwango cha chini kwa asilimia 38. Mguu mmoja, sakafu, na ubao wa kuyumbisha wa kuutilia makali. Haukuwa utaalamu wa ajabu.

Bahari nayo tumeipata bure, tuitumie. Maji ya kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wa mwili, ya kifuani hubeba zaidi. Jumapili mpeleke ufukwe wa Pirates, atembee kwenye maji ya kiunoni dakika 20, akiwa na viatu vya mpira kwa ajili ya miiba na mawe. Lakini asikimbie ufukweni kwa sasa. Vijana wetu hupenda mazoezi ya mchangani na ni mazuri kwa aliye mzima. Kwa kifundo hiki mchanga mkavu unazama na kupinda kila hatua, na ufuko wenyewe una mteremko, mguu mmoja juu na mwingine chini, kwa kilomita nzima. Akifika hatua ya kukimbia, angoje maji yakupwe, akimbie kwenye mchanga ule uliolowa na kushikana, pale palipo tambarare.

Bendeji uliyouliza. Ile ya mpira ya kuzungusha inazuia uvimbe, na inampa mtu moyo, lakini haiuzuii mguu kupinduka. Plasta ngumu za kufunga zinashika vizuri mwanzoni, kisha jasho na mbio zinazilegeza kabla hata kipindi cha kwanza hakijaisha. Kinachofaa ni kishikizo cha kufunga kwa kamba kama kiatu, kinachovaliwa ndani ya njumu. Hicho sikidharau hata kidogo: mwaka 2011, huko huko Wisconsin, wanafunzi 1,460 wa mpira wa vikapu walifuatiliwa msimu mzima, na waliovaa waliteguka mara chache kwa karibu theluthi mbili wakilinganishwa na wasiovaa. Mnunulie, avae msimu mzima. Ila kishikizo huvaliwa na aliyevipita vipimo. Kumvika asiyevipita ni kufunga mlango uliooza kwa kufuli jipya.

Na tafadhali, akija mtu mwenye sindano ya maumivu asubuhi ya mechi, diklofenaki au nyingineyo, umkatalie bila aibu. Nimeyaona haya mashindanoni. Sindano haiungi kitu. Inazima kengele tu, na kijana anacheza mechi nzima juu ya jeraha asilolisikia. Zile spreya za baridi nazo hupoza ngozi kwa muda mfupi, basi.

Sasa la shule. Hapa nitasema zaidi ya ulivyouliza, unisamehe.

Simlaumu kocha wenu. Namjua bila kumjua: asubuhi anafundisha hesabu au Kiswahili, saa kumi ana filimbi shingoni, na mashindano ya shule za sekondari yanakwenda mbio, kanda, kaunti ndogo, kaunti, mkoa, mpaka taifa, yote ndani ya muhula mmoja. Ngazi za chini timu huweza kucheza mechi mbili kwa siku moja. Mkuu wa shule anataka kombe, wazazi wa wengine wanataka kombe, na mwanao anataka kuliko wote. Katika hali hiyo unamwuliza kocha, “Je, kijana amepona?” Unamtaka awe hakimu wa kesi yake mwenyewe.

Marekani wana watu wa kazi hii hasa, na chama chao kiliundwa mwaka 1950. Si makocha, si madaktari. Hukaa shuleni kila siku, hufunga vifundo kabla ya mazoezi, humtoa mchezaji uwanjani, humrudisha hatua kwa hatua kama nilivyoeleza hapo juu. Hata huko shule nyingi bado hazina. Lakini kitu cha maana walichonacho si cheti ukutani, ni msingi mmoja: akisema huyu hachezi, kocha hawezi kulitengua neno lake. Msingi huo haugharimu shilingi. Ndio wa kwanza mnaopaswa kuudai kwenye mkutano wa wazazi. Achaguliwe mtu mmoja asiye kocha, matroni, mwalimu aliyesomea huduma ya kwanza, hata mzazi ambaye ni nesi, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba neno lake kuhusu majeruhi ni la mwisho. Atapewa mafunzo ya huduma ya kwanza na Msalaba Mwekundu au St John. Na KMTC, chuo cha kufundishia wahudumu wa afya, hapa Mombasa iko karibu: mwulizeni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, aje hata mara moja kwa muhula awapime wachezaji wote vile vipimo vinne, ili mtu akiumia mjue mguu wake ulikuwaje ulipokuwa mzima.

Vifaa ni vichache kuliko mnavyodhani. Sanduku la kuhifadhia barafu, bendeji za mpira, plasta, glavu, maji safi. Barafu si ya dukani lazima. Wauza samaki wanayo. Ifungwe ndani ya kipande cha leso kilicholowa, isiguse ngozi moja kwa moja, dakika 15 hadi 20 halafu iondolewe. Barafu hupunguza maumivu, hilo ndilo tunaloitumia. Usitarajie iponye kano. Pia ijulikane kabla ya mechi gari ni lipi, nani dereva, hospitali ni ipi. Mkicheza Likoni na hospitali yenu iko kisiwani, mmefikiria feri? Mkicheza Kisauni saa kumi na moja jioni, mmefikiria foleni ya daraja la Nyali? Niliwahi kukaa na mtoto aliyevunjika mkono kwenye matatu isiyosogea, na tangu siku hiyo hili nalipigia kelele.

Kichwa ni jambo la peke yake. Mchezaji aliyegongwa kichwa akapepesuka, akasahau matokeo, akatapika, au akawa “hayupo” japo macho yako wazi, ametoka kwa siku hiyo. Hakuna “nimepata nafuu, nirudishe kipindi cha pili.” Makubaliano ya wataalamu yaliyofikiwa Amsterdam mwaka 2022 yanataka siku moja au mbili za kupumzika kiasi, kisha kurudi kwa hatua sita, kila hatua isipungue saa 24, na kurudi darasani kuje kabla ya kurudi kwenye kugongana. Akizidi kuumwa kichwa, akisinzia asiamshike vizuri, au akitapika tena na tena, ni hospitali usiku huo huo.

Joto pia, hasa muhula wa kwanza kaskazi ikivuma na riadha zikianza. Unyevu wetu wa Pwani hauachi jasho likauke, na jasho lisilokauka halipozi mtu. Anayeanguka kwa joto huku akili imemvurugika hapandishwi gari kwanza. Apozwe hapo hapo, beseni, ndoo, mashuka yaliyolowa, apepewe, kisha ndiyo safari. Na wanaofunga Ramadhani, mazoezi mazito yaje baada ya futari. Mchana iwe mbinu na ubao tu.

Kuna jingine rahisi sana. FIFA ina utaratibu wa kupasha mwili moto unaoitwa 11+, dakika 20, sehemu tatu, mazoezi 15, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Mwaka 2008 walipoujaribu Norway kwa wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 hadi 17, majeraha kwa jumla yalipungua kwa theluthi hivi, na mazito karibu nusu. Uletwe shuleni, ufanywe kila mazoezi, si siku ya mechi peke yake. Kama mna timu ya wasichana, kwao ni muhimu maradufu, kwa sababu kano inayopita katikati ya goti huwachanika wasichana zaidi kuliko wavulana katika mchezo ule ule. Hilo la goti lina dalili zake: mlio, kuvimba ndani ya saa chache, na goti kuachia mtu anapogeuka. Hapo si ngazi wala bahari, ni daktari wa mifupa, na akifanyiwa upasuaji asahau mechi kwa miezi tisa.

Nirudi kwa winga wetu. Usiende kugombana na kocha. Nenda Alhamisi mazoezini, na futi yako mkononi, umwombe kwa heshima: “Mwalimu, tumpime sote wawili.” Kocha akiona kwa macho yake goti la kulia linafika ukutani na la kushoto halifiki, mazungumzo yanakuwa mepesi. Jumamosi kijana aende na timu, avae jezi, akae benchi, abebe maji; kumfungia nyumbani ni adhabu na yeye hajakosa. Kwa mazoezi ya kila siku nadhani wiki nne hadi sita zinaweza kutosha, lakini mimi sijaugusa huo mguu, kwa hiyo fizio aushike kwanza.

Ukimaliza kupima ukutani nitumie namba za miguu yote miwili, na uniambie mfupa uliuma au haukuuma.